Kicheko cha Dakika Mbili, Ganzi ya Miezi

Watu wengi hupima hatari ya kilevi kwa mambo mawili: namna kinavyomgeuza mtu kinapompanda kichwani, na muda unaopita kabla hakijamtoka. Mlevi wa pombe hujulikana kwa mwendo na kwa pumzi yake; mtumiaji wa heroini hujulikana kwa kusinzia akiwa amesimama na kwa mateso ya arosto anapoikosa. Kwa mizani hiyo, gesi ya kucheka, ambayo wanakemia huiita naitrasi oksaidi, huonekana haina uzito wowote. Kijana huijaza kwenye puto, anaivuta mara kadhaa, kichwa kinakuwa chepesi, sauti zinavuma na kufifia, kicheko kinamtoka bila sababu, na baada ya dakika mbili hivi amerejea alivyokuwa. Hanuki, hapepesuki, na kesho yake haamki na kichwa kizito. Ndiyo maana katika miji mingi ya Ulaya na Marekani gesi hii imehesabiwa kuwa burudani ya sherehe, si dawa ya kulevya. Hoja ya sura hii ni kwamba mizani hiyo ndiyo kosa lenyewe. Kinachotoka mwilini baada ya dakika mbili ni gesi. Kilichoharibiwa na gesi hakirudi kwa dakika mbili, wala kwa siku mbili. Madhara yake makubwa hayafiki siku moja na raha yake. Huja wiki au miezi baadaye, yakianzia kwenye vidole vya miguu, na yeyote anayeihukumu gesi hii kwa saa ya kicheko, awe mtumiaji, mzazi, daktari au mtunga sheria, anatafuta ushahidi mahali usipokuwepo.

Kosa hilo lina umri mrefu. Joseph Priestley aliitengeneza gesi hii Uingereza mwaka 1772. Mwaka 1799 Humphry Davy, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Thomas Beddoes mjini Bristol, alianza kuivuta yeye mwenyewe na kuwavutisha marafiki zake, wakiwamo washairi Samuel Taylor Coleridge na Robert Southey. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 500 kuhusu majaribio hayo, na ndani yake alidokeza kwamba gesi hiyo huondoa maumivu na huenda ikafaa katika upasuaji. Dokezo hilo lilipuuzwa kwa zaidi ya miaka 40, huku gesi ikizunguka majukwaani kama kichekesho cha kulipia kiingilio. Katika onyesho moja la namna hiyo, mjini Hartford, Marekani, Desemba 1844, daktari wa meno Horace Wells aliona mtu aliyevuta gesi akijiumiza mguu bila kuhisi chochote. Kesho yake Wells aling'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo. Hapo mlango wa tiba ulifunguka, na tangu wakati huo gesi ya kucheka imewapunguzia uchungu mamilioni ya watu. Lakini tuangalie wote hao walikuwa wakitazama nini. Davy aliandika hisia za dakika zile za kuvuta. Watazamaji wa majukwaani walicheka dakika zilezile. Wells alijali kama jino litauma wakati linang'olewa. Kwa karibu karne moja na nusu gesi hii ilichunguzwa ikiwa ndani ya mapafu. Ni wachache waliouliza inaacha nini inapotoka.

Jibu la kwanza lilikuja kwa bahati mbaya, kutoka wodi ya wagonjwa mahututi. Mwaka 1956 daktari Lassen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, waliripoti katika jarida la Lancet habari za wagonjwa wa pepopunda. Misuli ya wagonjwa hao ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba ilibidi walazwe usingizi na kupumuliwa kwa mashine kwa siku nyingi mfululizo, na dawa ya usingizi iliyotumika ilikuwa gesi ya kucheka. Pepopunda ilidhibitiwa, lakini jambo jingine likazuka: uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, uliacha kufanya kazi yake. Chembe nyeupe na vigandisha damu vilishuka mno. Madaktari waliijua sura hiyo ya uboho, kwa kuwa ilifanana sana na ile ya ugonjwa hatari wa upungufu wa damu ambao chanzo chake ni kukosa vitamini B12. Hao hawakuwa watu wenye njaa wala wenye matumbo yasiyosharabu vitamini. Walikuwa wamepewa gesi tu, ile iliyodhaniwa kupita mwilini bila kugusa kitu, na ilikuwa imegusa kiwanda cha damu.

Ilichukua miaka 22 zaidi kwa upande wa neva kujulikana waziwazi. Mwaka 1978 Robert Layzer, daktari wa mishipa ya fahamu wa San Francisco, aliripoti wagonjwa 15 waliokuwa na ganzi ya mikono na miguu, udhaifu wa miguu na mwendo wa kuyumba. Karibu wote walikuwa madaktari wa meno, watu wenye mtungi wa gesi kando ya kiti cha kazi. Kumi na watatu kati yao walikuwa wakijivutia gesi hiyo kwa starehe, kwa muda wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka kadhaa. Wawili waliobaki hawakuivuta kwa makusudi. Waliipata kazini tu, katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Ripoti hii ina uzito kwa sababu ya watu iliowahusu. Ingekuwa ya vijana wa mitaani, msomaji angeweza kusema kwamba walichanganya na vitu vingine, au hawakula vizuri, au walivuta gesi chafu. Madaktari wa meno walikuwa na gesi safi ya hospitali, mlo mzuri na elimu ya kutosha kuihusu gesi hiyo, na bado miguu yao ilipotea chini yao. Hapo swali likabadilika. Halikuwa tena kama gesi hii inaweza kuharibu neva. Lilikuwa inaziharibu kwa njia gani.

Njia yenyewe sasa inaeleweka vizuri, na ndiyo nguzo ya hoja hii. Katikati ya molekuli ya vitamini B12 kuna atomu moja ya madini ya kobalti. Umbo lake zima lilibainishwa na Dorothy Hodgkin mwaka 1956, mwaka uleule wa ripoti ya Copenhagen. Kobalti hiyo ndiyo kiungo kinachofanya kazi, na ili ifanye kazi lazima iwe na elektroni za kutosha. Mwaka 1968 wanakemia walionyesha kwamba gesi ya kucheka, ambayo haimenyuki na karibu kitu chochote kingine mwilini, ina uwezo wa kuipokonya kobalti hiyo elektroni zake. Ikishapokonywa, vitamini huwa ipo lakini haifai, na kimeng'enya kilichoibeba, kiitwacho methionini sinthase, hulemaa pamoja nayo. Kimeng'enya hiki ndicho kinachobadili homosisteini kuwa methionini, na kutokana na kazi hiyo mwili hupata malighafi ya kutengeneza vinasaba vya chembe mpya na ya kutunza utando wa neva. Kwa hiyo pigo moja linatua mahali pawili: kwenye uboho, unaozalisha chembe bila kupumzika, na kwenye neva, zinazohitaji ukarabati wa kila siku. Upimaji uliofanywa kwa wagonjwa wa upasuaji waliopewa gesi ya asilimia 70 ulionyesha kwamba nusu ya uwezo wa kimeng'enya hicho kwenye ini hupotea kwa takriban dakika 46. Na kwa kuwa kimeng'enya kilicholemazwa hakifufuki, mwili hulazimika kukiunda upya, kazi inayochukua siku kadhaa. Mtu anayevuta tena kabla siku hizo hazijaisha anaubomoa msingi ambao mwili wake haujamaliza kuujenga.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini gesi hii hufanya kwa wiki chache kile ambacho lishe duni hufanya kwa miaka. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu za vitamini B12 kwa siku, na ini lenye afya huweka akiba ya miligramu kadhaa, kiasi cha kumtosha kwa miaka. Anayeacha kula nyama, samaki, mayai na maziwa hapati madhara mwezi ujao. Anaila akiba yake polepole. Gesi haingoji akiba iishe. Haiondoi vitamini mwilini, inaizima ikiwa kazini. Sehemu inayoumia zaidi ni ugwe wa mgongo, yaani ule mkonge wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo ukiunganisha ubongo na viungo. Neva za humo zimefunikwa na utando wa mafuta uitwao myelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki, na utando huo ukichakaa ujumbe hupotea au huchelewa njiani. Safu za nyuma za ugwe ndizo hushambuliwa kwanza. Hizo hubeba habari za mtetemo na za mahali viungo vilipo, habari zinazomwezesha mtu kujua mguu wake uko wapi bila kuutazama. Madaktari wa London, Russell, Batten na Collier, waliueleza ugonjwa huu wa ugwe kwa kina mwaka 1900, nusu karne kabla vitamini yenyewe haijatengwa. Wagonjwa wa puto wa leo wana ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni mlango ulioingilia.

Dalili zake hazina kishindo, na hilo ni sehemu ya hatari. Huanza kwa ganzi au michomo kwenye vidole vya miguu, mara nyingi miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda kuelekea magotini. Vidole vya mikono navyo hufuata. Mgonjwa huhisi anakanyaga sufi. Mchana anatembea, kwa kuwa macho yanafanya kazi ya neva zilizonyamaza. Gizani, au anapofumba macho kunawa uso, anayumba na kuanguka. Wengine wakiinamisha shingo huhisi mshituko wa umeme ukishuka mgongoni. Baadaye miguu inaishiwa nguvu, ngazi zinakuwa mlima, mkojo unakuwa mgumu kuuzuia au kuutoa, na nguvu za kiume zinaweza kupungua. Kwa baadhi ya watu akili nayo huguswa: kusahau, kushuka moyo, hata kuona na kusikia yasiyokuwepo. Homosisteini inayorundikana kwenye damu imehusishwa pia na kuganda kwa damu ndani ya mishipa ya miguu na mapafu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na ganzi ya kidole cha mguu ndiyo kimya chenyewe. Kijana mwenye ganzi hiyo hudhani amekalia mguu vibaya, au kiatu kinambana. Ni nadra aihusishe na puto za Jumamosi iliyopita, kwa sababu Jumamosi iliyopita hakuumwa chochote.

Ugonjwa huu humdanganya hata daktari. Jambo la kawaida mtu anapofika na ganzi ni kupima kiwango cha vitamini B12 kwenye damu. Kwa mvutaji wa gesi, kipimo hicho huweza kurudi kikiwa sawa kabisa, na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Kipimo hakikukosea, kimehesabu vitamini iliyopo, bila kujua kama inafanya kazi. Ndiyo sababu miongozo ya madaktari wa neva wa Uingereza inasisitiza kupima vitu vinavyorundikana vitamini inapozimika, yaani homosisteini na asidi ya methilimaloniki, na kutosubiri majibu yake kabla ya kuanza matibabu pale dalili na historia zinapokubaliana. Picha ya MRI ya shingo mara nyingi huonyesha alama nyeupe kwenye safu za nyuma za ugwe, yenye umbo la herufi V iliyopinduliwa, ingawa picha isiyo na alama haimwondolei mgonjwa ugonjwa. Lakini kipimo kinachozidi vyote ni swali: unavuta gesi ya puto? Daktari asiyeuliza hatapata jibu, kwa maana mgonjwa haoni sababu ya kulitaja jambo analoliona la mchezo. Hapa tena mizani mbovu inafanya kazi yake: mgonjwa anaficha bila kukusudia, daktari anapitwa bila uzembe, na ugwe unaendelea kuchakaa.

Kilichoufanya ugonjwa huu utoke katika ripoti za nadra na kuingia wodini ni kipimo cha matumizi. Gesi ya kucheka huuzwa kihalali kwa ajili ya kuumua krimu ya keki, na kwa muda mrefu iliuzwa katika vitungi vidogo vya chuma vyenye gramu 8 kila kimoja. Kitungi kimoja kilijaza puto moja, na kukifungua na kukibadilisha kulikuwa breki ya aina yake. Kisha sokoni ikaingia mitungi mikubwa. Mtungi wa gramu 640 ni sawa na vitungi 80, na ipo mikubwa kuliko huo. Kituo cha Ulaya kinachofuatilia dawa za kulevya kilitoa ripoti maalumu Novemba 2022: nchini Ufaransa, taarifa za waliodhurika zilizofika vituo vya sumu zilipanda kutoka 10 mwaka 2017 hadi 134 mwaka 2020, Denmark zilipanda kutoka 16 mwaka 2015 hadi 73 mwaka 2021. Huko Uingereza na Wales, utafiti wa serikali wa mwaka ulioishia Machi 2020 ulikuta asilimia 8.7 ya vijana wa miaka 16 hadi 24 walikuwa wameivuta ndani ya mwaka mmoja, na kuifanya ya pili baada ya bangi katika rika hilo. Madaktari wa London, Birmingham na Manchester walipokusanya kumbukumbu za hospitali zao za kuanzia mwaka 2014, walipata wagonjwa 119 walioharibiwa neva na gesi hii, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 22. Huo si umri wa kujifunza kutembea na fimbo. Ni umri wa chuo, wa kazi ya kwanza na wa kuanza maisha.

Sasa tuyajibu mapingamizi, maana yapo na hayafai kupuuzwa. La kwanza ni la hospitali: kama gesi hii ni sumu ya neva, mbona wanawake wanaojifungua wanapewa, na watoto wanaong'olewa meno wanapewa? Ni swali la haki, na jibu lake ni la kutia moyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 ulioongozwa na Paul Myles wa Australia, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 wa upasuaji wenye hatari ya magonjwa ya moyo, haukukuta kwamba gesi hii iliongeza vifo au matatizo ya moyo. Katika uzazi huchanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, mama akishika kinyago kwa mkono wake, kwa saa chache za siku moja, chini ya macho ya mkunga. Mwili wenye akiba nzuri hupoteza sehemu ya kimeng'enya, kisha hukiunda upya kwa amani, kwa kuwa hakuna anayeurudia kesho na keshokutwa. Mvutaji wa puto anavuta gesi isiyo na oksijeni hata chembe, puto baada ya puto usiku kucha, na wikendi inayofuata anarudia. Tofauti kati ya tiba na madhara haimo kwenye gesi. Imo kwenye wingi, marudio na msimamizi. Tena hata hospitali zenyewe zina mpaka: yapo maelezo ya kitabibu ya wagonjwa waliokuwa na upungufu wa B12 uliojificha, ambao baada ya upasuaji mmoja tu chini ya gesi hii walipata ganzi na kushindwa kutembea. Kwa hiyo ushahidi wa hospitali hauipingi hoja yetu. Unaithibitisha, kwa kuonyesha kwamba siri yote iko kwenye vitamini.

Pingamizi la pili ni la hesabu: mamilioni wamevuta na hawakupooza. Ni kweli, na mwandishi anayeficha ukweli huo hatasadikiwa na kijana hata mmoja, kwa sababu kijana ana marafiki kumi waliovuta na wote wanacheza mpira. Aliyevuta puto moja kwenye harusi ya rafiki hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili ya ugwe wake. Hatari hupanda kadiri wingi na marudio yanavyopanda. Lakini kuna jambo ambalo hesabu ya marafiki haiwezi kulionyesha: watu hawaanzi na akiba sawa. Asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, aliyekatwa sehemu ya tumbo, mwenye ugonjwa wa kutosharabu B12, na mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformin kwa miaka, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza B12, wote hao huanza wakiwa karibu na ukingo. Wapo pia waliozaliwa na kasoro katika njia hiyo ya kimeng'enya bila kujua. Mwaka 2003 iliripotiwa habari ya mtoto mchanga mwenye kasoro kali ya namna hiyo aliyefariki baada ya kupewa gesi hii kwa ajili ya upasuaji. Mtu hasomi kiwango cha akiba yake usoni kwake, na kicheko hakimwambii. Rafiki aliyesalimika amethibitisha usalama wa ini lake mwenyewe tu.

La tatu ndilo linalopotosha zaidi, kwa kuwa limevaa joho la sayansi: nitameza vidonge vya B12, kisha nivute kwa amani. Maelezo tuliyoyapitia yanalijibu lenyewe. Tatizo si uchache wa vitamini, ni kuzimwa kwake. Kuongeza vitamini huku unaendelea kuvuta ni kuongeza kitakachozimwa, na kimeng'enya kilicholemaa hakiponi kwa kuletewa vitamini mpya; kinapaswa kuundwa upya bila gesi kukirudia. Ubaya zaidi ni kwamba vidonge hupandisha kiwango cha B12 kwenye damu na kukifanya kipimo cha kawaida kitoe jibu zuri, na hivyo kumnyima daktari dokezo alilokuwa akilihitaji. Hata sindano za mchanganyiko wa vitamini B zinazotafutwa kwenye maduka ya dawa kila ganzi inapotokea haziwezi kuwa kinga ya anayeendelea kuvuta. Na anayejitibu kwa asidi ya foliki peke yake anajitia hatarini zaidi, kwani inaweza kuifanya damu ionekane imepona huku neva zikizidi kuharibika. Hakuna namna ya kuvuta sana na kujikinga kwa kidonge. Kinga ni kuacha.

Pingamizi la nne linatoka kwa watu wa sera: pombe inaua zaidi, kwa nini kelele zote kwa puto? Uholanzi iliipiga marufuku gesi hii kwa matumizi ya starehe Januari 2023, ajali za barabarani zikiwa miongoni mwa sababu. Uingereza iliiweka katika daraja la C la dawa haramu tarehe 8 Novemba 2023, ingawa baraza lake la ushauri kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza mwezi Machi kwamba isifanywe hivyo, likihofia adhabu zisizolingana na madhara na usumbufu kwa matumizi halali. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kwa kukataza kuwauzia watoto. Mtu mwenye busara anaweza kuunga mkono njia yoyote kati ya hizo. Lakini kosa ni kudhani kwamba sheria ikishapitishwa, au ikishakataliwa, suala la afya limekwisha. Pombe kuua zaidi hakumrudishii kijana hisia za miguu yake. Nako Marekani, vifo vilivyohusishwa na sumu ya gesi hii vilipanda kutoka 23 mwaka 2010 hadi 156 mwaka 2023, huku gesi ikiuzwa madukani yenye vionjo vya matunda. Tena marufuku isiyoambatana na elimu inaweza kumfanya mgonjwa aogope kumwambia daktari ukweli, na tumeona kwamba ukweli huo ndio kipimo cha kwanza. Sheria inaweza kupunguza mitungi mitaani. Haiwezi kuiona ganzi ya kidole. Hiyo huonwa na mgonjwa, ndugu zake na daktari wake.

Kutokana na yote haya, tunapaswa kubadili namna tunavyoipima gesi hii. Tusiulize inalewesha kiasi gani wala inakaa mwilini kwa dakika ngapi. Tuulize imevutwa mara ngapi tangu kimeng'enya kipate nafasi ya kujengwa upya, na mvutaji alianza na akiba gani. Habari njema ni kwamba ugonjwa unaotokana na kuzimwa kwa vitamini hutibika kuliko magonjwa mengi ya ugwe wa mgongo, kwa masharti mawili: gesi iachwe kabisa, na sindano za B12 zianze mapema. Nchini Uingereza hutolewa haidroksokobalamini, miligramu 1 kwenye msuli, siku moja ikirukwa, mpaka nafuu isiongezeke tena. Wengi hupata nafuu kubwa kwa wiki na miezi; waliochelewa hubaki na ganzi, mwendo mbovu au fimbo. Kinachowatenganisha mara nyingi ni muda uliopita kati ya ganzi ya kwanza na sindano ya kwanza, na muda huo uko mikononi mwetu. Kwa mzazi mwenye kijana anayesoma au kufanya kazi London, Amsterdam au Paris: mweleze jambo hili kabla hajalisikia kwa wauza mitungi, na mweleze bila vitisho, kwa sababu ukweli unatosha. Kwa muuguzi na daktari: kila kijana mwenye ganzi ya miguu yote miwili aulizwe kuhusu gesi, kwa upole na bila hukumu. Na kwa wewe unayevuta, au uliyevuta: vidole vyako vya miguu vikifa ganzi, usisubiri viamke vyenyewe. Acha gesi leo, nenda hospitali leo, na litaje neno gesi kabla hujaulizwa.